Robo ya maisha ya dagaa, robo ya mwaka wa mvuvi

Kila ikikaribia Mei maneno ya kufunga Ziwa Tanganyika, yaani kusimamisha uvuvi kwa miezi kadhaa, yanaanza upya, hawa wanasema wavuvi ni watu wasioona mbali, wale wanasema serikali inaua watu njaa. Mi nimesikia zote, na ile ya kwanza ndo inaniudhi zaidi, ila tuanze na wanaotetea kufunga maana wana hoja na si ya kubeza.

Ziwa ni la nchi 4, na samaki ni walewale wanabadilishwa majina tu. Dagaa wetu Burundi ni ndagala, Zambia ni kapenta, na mgebuka ukifika Bujumbura unaitwa mukeke. Sasa Kigoma ifunge peke yake huku Uvira ya Kongo na Rumonge ya Burundi watu wanawasha taa usiku wanavua kama kawaida, si tutakuwa tunawafugia wenzetu? Ndo maana Desemba 2021 Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia wakakubaliana kupumzisha ziwa, na 2024 upande wetu likafungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Nchi 4 kukaa meza moja zikaelewana sio kitu kidogo, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa bahari kuu ulizungumzwa karibu miaka 20 ndo ukapitishwa 2023.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Dagaa anaishi kama mwaka mmoja hivi. Miezi 3 kwake ni robo ya maisha, mda wa kutosha kukua na kutaga kabla hajakutana na wavu. Hapo sibishi kabisa.

Ila hiyo robo ina pacha wake, na huyo hazungumzwi. Miezi 3 ni robo ya mwaka wa mvuvi pia, na huo mwaka wenyewe tayari una matundu, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai sa hivi taa za sola na betri, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo kila mwezi vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni siku kadhaa, mtu anashona nyavu, anadaiwa, anasubiri giza. Yaani hawa watu tunaowaambia wajifunze kupumzisha ziwa, mwezi unawapumzisha kila mwezi toka enzi za babu zao. Toa siku za mbalamwezi, toa siku za upepo, alafu toa robo nzima ya mwaka, kinachobaki ndo kilishe familia, kilipe ada na kirudishe hela ya tajiri mwenye injini. Kijana anayevua hana mshahara, analipwa mgao baada ya kutoa petroli na chakula, chombo kisipoingia majini hana hata cha kugawana.

Na je, samaki wamepungua kwa sababu ya mvuvi peke yake? Hapana. Kuna utafiti ulichapishwa 2003 kwenye jarida la Nature ukaonyesha maji ya juu ya ziwa yanazidi kupata joto, yakiwa na joto yanakuwa mepesi yanakaa juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, na kule chini (ziwa lina kina cha mita kama 1,470) ndo kuna rutuba. Watafiti wakakadiria chakula cha msingi cha ziwa kimeshuka kama asilimia 20 na samaki wangeweza kupungua kama asilimia 30. Asilimia 30! Hiyo hata ufunge mwaka mzima haurudishi, na moshi uliopasha yale maji haukutoka kwa wavuvi wa Kibirizi hapa Kigoma wala Kalemie kule Kongo. Simaanishi wavuvi hawana mkono wao, makokoro ya pwani yanayozoa vichanga nani asiyeyajua, vyombo vimeongezeka, hilo ni letu. Lakini kokoro ungeweza kulikamata Januari, si mpaka ufunge ziwa zima.

Watu wanatoa mfano wa pweza. Pemba kuna vijiji vinafunga miamba yao miezi michache, wakifungua pweza ni wakubwa na kila mtu anachekelea. Sawa, lakini pale aliyefunga ndo anayefungua, mwamba uko mbele ya nyumba yake, tarehe kapanga mwenyewe kwenye mkutano. Tanganyika tarehe inatoka kwenye mazungumzo ya mawaziri na dagaa hakai mbele ya nyumba ya mtu.

Kwa hiyo mi nasema lifungwe, kwa pamoja, ila anayefunga aje na kitu mkononi, angalau mikopo ya wavuvi isimame kudaiwa hiyo miezi. Sa hivi ziwa linafungwa, mikopo ya riba kubwa, ile kausha damu, haifungwi, riba inatembea Juni na Julai vilevile, na mtu akifunguliwa Agosti unategemea avue kwa kiasi?

Shangazi yangu ni mwanikaji wa dagaa. Lilipofungwa vichanja vyake vikawa vya kuanikia nguo, akaanza kuuza dagaa wa Mwanza waliokuja kwa gunia. Wateja wanachota kidogo kiganjani, wananusa, wanamuuliza, mama hawa wa wapi? Anawajibu wa ziwani. Ziwa lipi, hasemi.