Nani bwana wa Elder Wand?

Riwaya ya mwisho katika mfululizo wa Harry Potter ilitoka mwaka 2007, lakini hadi leo wasomaji hawajaafikiana kuhusu kanuni ya umiliki wa Elder Wand, fimbo ya uchawi inayosifiwa humo kuwa haishindiki. J. K. Rowling anatueleza kwamba fimbo hiyo humtii yule aliyemshinda bwana wake wa awali. Hivyo Draco Malfoy, mwanafunzi mwenzake na hasimu wa Harry, anakuwa bwana wake anapompokonya fimbo Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule ya uchawi ya Hogwarts, juu ya mnara, ingawa hajui amepata nini. Miezi kadhaa baadaye Harry anamnyang'anya Draco fimbo nyingine kabisa, na kwa tendo hilo utii wa Elder Wand unahamia kwake bila yeye kuigusa. Voldemort, mchawi mwovu aliye adui mkuu wa Harry, aliyedhani kumuua Snape, mwalimu aliyemuua Dumbledore, kumetosha, anaingia katika pambano la mwisho na silaha isiyomtambua.

Wanaoikosoa kanuni hii wanauliza: ikiwa kupokonywa tu kunatosha, mbona wanafunzi wa Hogwarts, ambao Harry mwenyewe aliwafundisha kwa siri jinsi ya kupokonyana, hawakuvuruga utii wa fimbo zao zote? Tena wanakumbusha kwamba mwaka 1945 Dumbledore alimshinda mchawi mwovu Grindelwald ana kwa ana, ilhali ni Grindelwald aliyekuwa ameishika fimbo hiyo isiyoshindika.

Hili la 1945 halinisumbui sana. Sifa ya kutoshindika imetokana na ngano ya ndugu watatu inayosimuliwa katika riwaya, na ngano hiyohiyo inasimulia kwamba mmiliki wa kwanza alichinjwa akiwa usingizini baada ya kujigamba. Majigambo ya wamiliki si ushahidi.

Swali la mazoezi ni zito zaidi, na upande wa utetezi una jibu ambalo mimi naliona lina nguvu: kinachopimwa ni nia. Ollivander, mtengenezaji wa fimbo, anapoulizwa na Harry anajibu kwa tahadhari kwamba namna ya kuitwaa fimbo ina uzito wake, na kwamba mengi hutegemea fimbo yenyewe. Zaidi ya hapo kuna mpango wa Dumbledore. Alipatana na Snape amuue, akitarajia nguvu ya fimbo ife pamoja naye, kwa sababu kifo ambacho mtu amekiomba hakihesabiki kuwa kushindwa. Mpango huo hauna maana yoyote kama fimbo inaangalia tendo peke yake. Kwa kipimo hichohicho, Harry anapojitoa msituni auawe bila kujihami, Voldemort hajamshinda. Na Draco, aliyepanda mnarani akiwa ameagizwa kuua, ameshinda kweli, hata kama mkono wake ulitetemeka.

Hata hivyo, nia haitatui kila kitu. Siku Harry aliponyakua fimbo ya Draco katika jumba la akina Malfoy, Elder Wand ilikuwa bado kaburini mwa Dumbledore, mbali kabisa na purukushani hiyo. Ilijuaje? Watetezi husema utii hufungamana na mtu, hivyo umbali si kitu. Inawezekana, ila riwaya haisemi hivyo popote, na Harry mwenyewe anapomkabili Voldemort anaiweka hoja yake kwa sharti: ikiwa fimbo inajua kwamba bwana wake wa mwisho alipokonywa, basi bwana ni yeye. Anabahatisha, na maisha yake ndiyo dau. Ushindi wake unathibitisha kwamba fimbo ilijua, bila kutuambia kwa njia gani.

Filamu ya mwaka 2011 ililifunga suala kwa mkato: Harry anaivunja fimbo na kuitupa. Katika riwaya anaamua kuirudisha kaburini, akitumaini kwamba akifa kifo cha kawaida bila kushindwa, nguvu yake itakoma. Kwa mtu aliyenuia kuwa mwindaji wa wachawi waovu, hilo ni tumaini jembamba mno. Mhalifu yeyote atakayempokonya kwa nia ya dhati, hata mara moja tu katika uchochoro usiojulikana, atakuwa bwana mpya wa fimbo iliyo kaburini, na huenda asijue, kama Draco asivyojua.