Maskini Gani Ana Simu ya Kupangusa?

Juzi tulikaa kikao cha familia, mambo ya harusi, na kama kawaida yetu kikao kikaiacha harusi kikaingia kwenye siasa. Shemeji yangu, mtu ninayempenda sana akiwa amenyamaza, akatangaza kwamba serikali inalea wavivu. Ushahidi? Kamwona mama mmoja anayepokea pesa za kaya maskini ana simu ya kupangusa. "Maskini gani ana simu ile?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Huyo mama afanye nini bila simu? Siku hizi pesa yenyewe ya msaada pengine inaingia humohumo kwenye simu. Asipokuwa nayo anahangaika. Akiwa nayo, tunasema huyu hana shida.

La uvivu nalipitisha haraka. Mchumi Abhijit Banerjee na wenzake walipitia majaribio 7 ya kuwapa maskini pesa katika nchi 6 zinazoendelea, wakatafuta hao walioacha kazi baada ya kupewa. Hawakuwaona. La kwamba maskini watazinywea pombe pesa hizo hata silijibu, maana anayelisema mara nyingi ana chupa mkononi.

Linalonichoma ni hili la wadanganyifu. Kila mjadala wa msaada ukianza, hata dakika tano hazipiti, mtu kashasema "lakini watu wanadanganya", na kuanzia hapo hatuzungumzii tena njaa ya mtu, tunazungumzia karatasi zake. Tunaogopa mmoja asiyestahili asije akapata, kuliko tunavyoogopa kumi wanaostahili wakakosa. Na woga huo una gharama.

Tazama Uholanzi, nchi ya watu makini. Mamlaka ya kodi iliwashuku makumi ya maelfu ya wazazi kwamba wameiba ruzuku ya malezi ya watoto. Saini moja haipo, karatasi moja haikuletwa: rudisha zote. Wengine walidaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Mwenye uraia wa nchi mbili ndiye aliyemulikwa zaidi, sijui kwa nini, labda kompyuta nayo ina shemeji. Ndoa zilivunjika, watu walipoteza nyumba, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia hizo wakachukuliwa na kulelewa kwingine. Januari 2021 serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu kwa aibu hiyo. Yeye akabaki kitini kama wa mpito, Machi chama chake kikaongoza uchaguzi, na maisha yakaendelea. Ukikosea saini unafilisika. Ukifilisi maelfu, unapigiwa kura.

Australia nako walikuwa na mpango wa kuwadai waliopokea msaada, ambao watu waliubatiza Robodebt, yaani deni la roboti. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa kwa 26, ikadai kwamba hicho ndicho alichopata kila wiki mbili. Sasa chukua mtu aliyefanya kazi miezi sita, akafukuzwa, ndipo akaomba msaada. Kwa hesabu ile alikuwa na mshahara muda wote, kwa hiyo ni mwizi, alipe. Na ni yeye aliyetakiwa kutafuta karatasi za mshahara za miaka iliyopita, pengine kutoka kwa mwajiri aliyekwishafunga duka, ili athibitishe kwamba hakuiba. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Julai 2023 ilisema wazi kwamba mpango ule ulikuwa wa kikatili na haukuwa halali. Hivi kweli ilihitajika tume? Hesabu ile angeikataa mtoto wa darasa la nne.

Haya, wadanganyifu wapo. Nakubali, japo kwa shingo upande. Walengwa hewa wapo, marehemu wanaopokea pesa kila mwezi wapo. Lakini marehemu hajijazii fomu. Kuna mtu ndani ya ofisi, mwenye kompyuta na muhuri, aliyemfufua, na huyo hakuna anayemuuliza ana simu gani. Wala sijasikia kampuni iliyosamehewa kodi ikitembelewa nyumbani kuhesabiwa vyombo.

Turudi kwenye kicheko changu. Mama yetu alipokea msaada huo kwa miaka minne, baada ya baba kufariki. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu, kwa sababu karani alimuuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Mume hana, na hiyo blauzi kakununulia nani?" Alikaa karibu mwaka hajarudi. Mwaka mzima tulilala tunavyojua wenyewe, na pesa zilikuwepo, na jina lake lilistahili kuwepo. Aliporudi alivaa khanga iliyochanika, aliyoichagua makusudi. Nilimwona akiichagua.

Pesa hizo ndizo zilizomlipia ada dada yangu, huyuhuyu ambaye shemeji anajisifu kila kikao kwamba kaoa msomi. Siku ile wakati watu wanacheka, dada alikuwa anakunja na kukunjua kadi ya mchango, macho chini. Hakusema kitu. Sikusema kitu.

Kikao kingine ni Jumapili. Harusi bado haijapangwa.