Studio ya Hamburg ina kila kitu, isipokuwa wabishi

Vijana wachoraji wa Mtwara wakinitumia ujumbe, swali huwa lilelile: kaka, huko Ujerumani tunafikaje? Jibu langu huwaudhi.

Kwa vifaa, Hamburg haina mpinzani. Tyubu za kila rangi, turubai ya kitani, mafuta ya kitani, tapentaini safi ya kuzimulia rangi, vyote unavipata duka moja. Mtwara ukiulizia rangi ya mafuta unaelekezwa kwenye vifaa vya ujenzi, unapewa kopo la kupakia milango. Silidharau kopo hilo. Edward Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alichorea rangi za namna hiyo juu ya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtindo wake bado unalisha watu. Wanunuzi nao wako huku, silifichi.

Ila Desemba, saa kumi jioni, jua limeshazama. Nachora kwa taa, na kukipambazuka naikuta ile bluu ya jana imekuwa kijani. Rangi ya mafuta yenyewe haina haraka: haikaushwi na maji kugeuka mvuke, inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na penye baridi tabaka nene hunata kidole wiki kwa wiki. Mikindani, jirani na Mtwara, joto huikausha upesi, ingawa nako sisimizi hutalii juu ya picha mbichi, na masika yakiingia turubai huota ukungu mgongoni.

Ninachokikosa hasa ni watu. Kwa shangazi, Mikindani, nilichorea barazani, mbele ya ukuta wa matumbawe na chokaa unaorudisha mwanga wa saa nne mpaka ufumbe jicho. Sikuwahi kuchora peke yangu. Wanafunzi, akina mama wenye masinia ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuliwa, wavuvi wanaopanda kutoka pwani, wote walisimama. Siku moja mzee mmoja akainamia picha yangu ya mashua iliyotia nanga.

"Mjukuu wangu, hapa maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yanajaa, babu."

"Basi omo, pua ya mashua, iangalie mdomo wa ghuba, maji yanakotoka."

Mwenzake akadakia: inategemea na upepo, kusi likivuma kwa nguvu chombo hakifuati maji. Wakabishana weee, mpaka mimi na picha yangu tukasahaulika. Nilijifunza bahari pale kuliko darasa lolote la huku.

Hamburg wageni wa maonyesho husema "nzuri sana", kisha huuliza mbona sichori simba. Ningechora simba wenye miguu sita, nani angenibishia?

Kwa hiyo nawaambia: mkipata nafasi ya kuja kusoma, njooni, lakini msiihame baraza kwa sababu ya tyubu. Tyubu zinasafirishika, na mafuta ya kitani pia. Huwa nampa vitu hivyo kila anayerudi nyumbani. Tapentaini ndiyo hairuhusiwi kwenye ndege, maana inashika moto. Hiyo itafuteni huko huko.