Seva ya Nyumbani: Gharama Iliyojificha Haiko Kwenye Mashine

Tangu Google Photos ilipoondoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, na kumwachia kila mtumiaji GB 15 ambazo barua pepe zake nazo zinazigombea, wanaotetea seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowashwa muda wote kuhifadhi data za familia, wamepata hoja nzito. Kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha kutumika, ikiwekewa mfumo endeshi wa Linux na programu huria kama Nextcloud au Immich, inatosha kuhifadhi picha na nyaraka za familia nzima bila ada ya mwezi. Umeme nao si tishio kubwa, kwani mashine inayotumia wati 10 usiku na mchana hula takriban uniti 7 za LUKU kwa mwezi.

Hoja yenye uzito zaidi kwetu ilionekana Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani. Picha iliyohifadhiwa sebuleni hufunguka kupitia ruta ya nyumbani hata siku kama hiyo; iliyoko ng'ambo husubiri waya uungwe.

Ugumu huanza mwenye seva anapotoka nyumbani na kutaka kuifikia akiwa mbali. Kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti), hivyo kufungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta hakusaidii, na anayetumia huduma kama Tailscale kupenya kizuizi hicho anarudi kumtegemea mtu mwingine. Kuendesha barua pepe kwenye seva hiyo ningeshauri kusiguswe kabisa, kwa sababu barua zinazotoka kwenye anwani za IP za majumbani mara nyingi hukataliwa.

Kinachonitia shaka hasa ni usalama wa data. RAID, yaani mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ambayo wengi huiita nakala rudufu, si nakala: faili likifutwa kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote papo hapo. Umeme ukikatika ghafla, hifadhidata inaweza kuharibika, kwa hiyo UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, inahitajika. Inahitajika pia diski ya pili, na nakala nyingine nje ya nyumba, maana mwizi anayebeba kompyuta habakishi diski iliyo kando yake. Watengenezaji wa Immich wenyewe wamekuwa wakionya kwamba isiwe hifadhi pekee ya picha. Gharama hizi ndizo huachwa nje ya hesabu na wanaosema seva ni bure, sembuse muda wa kusasisha programu na kujaribu kama nakala zinarejesheka. Nyumba yenye mtu wa kuifanya kazi hiyo, na mwingine anayejua nywila mwenzake akisafiri, nadhani itanufaika. Isiyo naye ni nafuu ilipie hifadhi ya mtandaoni.