Chura wa Miti wa Upare Hahitaji Miche, Anahitaji Msitu Uachwe

Mkoa wa Kilimanjaro unajulikana duniani kwa mlima mmoja, na sisi tunaoishi Moshi tumezoea kuuhesabu mlima huo kuwa ndiyo hazina yetu yote ya asili. Siupunguzii Kilimanjaro heshima yake. Lakini kwa muda mrefu nimeona kwamba viumbe adimu kuliko wote katika mkoa huu hawako juu ya vichwa vyetu. Wako mwendo wa saa moja hivi kwa barabara ya kwenda Dar es Salaam, katika milima ya Upare ambayo abiria wengi huipita wakiwa wamesinzia.

Ninaowazungumzia ni vyura wa jenasi ya Callulina, ambao usiku hupanda vichaka na matawi ya chini ya miti. Tangu spishi ya kwanza, Callulina kreffti, ilipoelezwa mwaka 1911, wataalamu waliichukulia jenasi nzima kuwa na spishi hiyo moja tu, hadi mwaka 2004 ilipoongezwa ya pili kutoka Usambara Magharibi. Mwaka 2010 zikatangazwa tatu kwa mpigo, zote za Upare: Callulina laphami wa Upare Kaskazini, na Callulina stanleyi pamoja na Callulina shengena wa Upare Kusini, katika msitu wa Chome unaouzunguka mlima Shengena. Zote tatu zimewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ukimwangalia chura huyu kwa karibu, kwa mwanga wa tochi, hutamwona kuwa mrembo kama vyura wa kijani wanaopambwa kwenye kalenda. Ni mdogo, anaenea katika kiganja cha mtoto, ana mwili mnene na ngozi iliyojaa vidutu. Hana utando kati ya vidole. Si mrukaji hodari. Hutembea polepole juu ya tawi, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine na kulikamata kwa ncha za vidole kabla ya kusogea tena. Mayai yake hayatagwi kwenye dimbwi wala kijito, bali nchi kavu penye unyevu, na ndani ya yai mtoto hukua hadi akatoka akiwa chura kamili mwenye miguu minne, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi.

Jambo hilo la mayai ndilo linaloamua hatima yake. Chura asiyehitaji dimbwi angeweza kudhaniwa kuwa huru kuishi popote, kumbe ni kinyume chake: unyevu ambao wenzake huupata majini, yeye huutegemea kwenye majani yaliyooza, kuvu la miti, magogo yaliyolala na kivuli kisichokatika. Akitoka nje ya msitu, jua la mchana mmoja linatosha kumkausha. Ndiyo sababu hawezi kushuka Usangi, Upare Kaskazini, akavuka nyika ya migunga iliyo chini na kupanda upande wa Same, Upare Kusini. Kila safu ya milima imebaki kuwa kisiwa chenye chura wake. Kilimanjaro ni volkano, tena changa kwa hesabu za miamba, ilhali Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ya miamba mikongwe sana, ambayo misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka kwa unyevu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Muda wote huo viumbe walioachwa peke yao kila mmoja kwenye mlima wake walizidi kutofautiana.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kila msimu wa mvua tunaona sherehe za kupanda miti, viongozi wakishika majembe na idadi ya miche ikitangazwa kama ushahidi kwamba mazingira yanatunzwa. Sipingi kupanda miti. Ninachopinga ni kuamini kwamba mstari wa misindano au mikaratusi ni sawa na msitu, na kwamba mkulo, mti mkubwa wa asili, uliokatwa kwa msumeno wa siri kule Chome umefidiwa kwa miche iliyopandwa pembeni mwa barabara. Chura wa Upare hawezi kuishi kwenye mikaratusi, kwa sababu chini yake hapana ule unyevu wala ile takataka ya majani anayotagia. Kinachomfaa ni msitu wa zamani kuachwa kama ulivyo, pamoja na magogo yake yaliyooza, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yanayoonekana hayana kazi na hubebwa kwanza kuwa kuni. Msitu wa Kindoroko, ulio juu ya Usangi, haufiki hata hekta 1,000. Katika eneo dogo kiasi hicho, kila pindo linalomegwa hupeleka jua na upepo ndani zaidi.

Wala kuacha msitu si wazo geni lililoletwa na wafadhili. Wazee wa Kipare walikuwa na misitu yao ya mila, mpungi kwa ajili ya matambiko ya ukoo na mshitu kwa ajili ya jando, na humo hakuna aliyethubutu kukata hata fito. Baadhi yake ipo mpaka leo, katikati ya mashamba ya migomba na kahawa. Mimi naona hekima ile ilikuwa imetangulia kampeni zetu nyingi, kwa kuwa ilipima uhifadhi kwa kile kisichoguswa.

Gharama ya kuchelewa tunaijua. Chura wa Kihansi, wa korongo la Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, baada ya maji ya maporomoko yaliyomnyunyizia kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na alinusurika tu kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Ilibidi warudishwe kwa ndege na kutegemezewa mabomba ya kunyunyiza maji. Sitaki chura wa Kindoroko afikie hapo, wakati bado yuko kwake na hatuhitaji mtambo wowote kumweka hai.

Miti ipandwe, basi, lakini ipandwe mashambani, ili mama wa Usangi apate kuni za migrevilea karibu na jiko lake na asilazimike kuingia hifadhini. Kampuni za Moshi zinazopandisha wageni mlimani ziwafundishe vijana wa Mwanga na Same kuongoza matembezi ya usiku pembezoni mwa misitu hiyo, na malipo yabaki vijijini. Na kila mpango unaoombewa fedha kwa jina la misitu ya Upare uonyeshe, kando ya idadi ya miche, ni eneo gani la msitu wa asili litakaloachwa bila kuguswa, nani atalilinda, na atalipwa kutoka fungu lipi.