Samadi ya Yatenga itatoka wapi?

Wamossi wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, wana neno la ardhi iliyokufa: zipelle. Ni udongo uliofanya gamba gumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayazami; yanateleza juu yake na kwenda zake. Ukame wa miaka ya 1970 ulipoiacha mikoa ile katika hali hiyo, wengi walihama kutafuta riziki kusini. Katika waliobaki alikuwamo Yacouba Sawadogo wa kijiji cha Gourga, aliyeirudia mbinu ya wazee wake ya kuchimba vishimo shambani wakati wa kiangazi. Yeye alivipanua, akavitia samadi kabla ya mvua. Samadi huwaita mchwa, mchwa hutoboa udongo, na mvua ya kwanza ikifika maji hupata njia ya kushuka. Mtama na uwele hupandwa humo humo. Vishimo hivyo huitwa zai. Majirani walimwona mwehu. Alipofariki mwaka 2023, mbinu yake ilikuwa imeenea sehemu nyingi za Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, naye alikuwa amepata tuzo ya Right Livelihood ya mwaka 2018.

Watetezi wa kilimo ikolojia, yaani kilimo kinachotegemea nguvu za asili badala ya kemikali za kiwandani, huanza na habari hii, na wana haki. Ardhi ambayo haikuwa ikitoa hata debe moja imetoa kilo 300 hadi 400 za nafaka kwa hekta katika mwaka wa mvua haba, na zaidi ya tani moja mwaka ukiwa mzuri. Kwa familia inayosubiri mavuno huku ghala likiwa tupu tangu Juni, hiyo ni miezi kadhaa ya kula. Huko Maradi, Niger, wakulima waliacha kung'oa visiki mashambani wakaanza kuchagua machipukizi na kuyatunza. Mwaustralia Tony Rinaudo aliitangaza njia hiyo kuanzia 1983, na leo takriban hekta milioni 5 za Niger zina miti iliyorudi bila kupandwa na mtu. Watu wa Dodoma wanaijua kwa jina la kisiki hai. Mti unaopendwa sana Niger ni gao, kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauunyimi uwele mwanga, na maganda ya mbegu zake huliwa na mifugo kiangazi.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Hekta moja ya zai huhitaji vishimo elfu kumi au zaidi, kwa jembe la mkono, katika joto la Machi na Aprili. Mjane, au nyumba ambayo vijana wake wako kwenye machimbo ya dhahabu, haiwezi. Idadi ya watu inaongezeka haraka, na wanaosema Afrika haitajilisha bila mbolea ya kiwandani wanakumbusha Azimio la Abuja la 2006, ambapo viongozi waliahidi kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kutoka wastani wa kilo 8 hivi. Nchi nyingi hazikufika. Wanataja pia Sri Lanka, iliyopiga marufuku mbolea hiyo Aprili 2021, ikaona mavuno ya mpunga yakiporomoka na kuregeza amri kabla mwaka haujaisha.

Mimi niko upande wa vishimo, ila kuna jambo ambalo wenzangu hulipita haraka mno: samadi haiumbi rutuba, inaihamisha tu. Ng'ombe hula nyasi za porini na kuacha kinyesi shambani. Udongo mwingi wa Sahel una upungufu wa fosforasi, na malisho yaliyoota juu yake nayo yana upungufu huo huo. Ukitaka kila shamba la kijiji liwe na zai, utahitaji mifugo na malisho ambayo kijiji kizima hakina.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaokataa chembe yoyote ya mbolea ya kiwandani. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, wamefanya kazi Niger, Mali na Burkina Faso kwa kipimo cha kizibo cha soda: gramu 6 hivi kwa kila shimo, wala si mifuko ya kumwaga shamba zima. Ndani ya kishimo chenye samadi na unyevu, kiasi hicho kidogo kinafika kwenye mizizi. Juu ya zipelle kinasombwa na mvua ya kwanza. Bei ya mbolea ilipopanda vibaya mwaka 2022, mkulima aliyekuwa amerudisha uhai wa udongo alikuwa na pa kuanzia. Aliyetegemea mfuko peke yake hakuwa napo.

Lakini hata mabishano haya ya samadi na kizibo yanamkuta mkulima akiwa na swali lingine: shamba ni la nani? Mwanamke hupewa kipande kibovu, na kikishapona kinaweza kurudi kwa mwenye ardhi. Niger, ilipokuwa miti yote ni mali ya serikali, mkulima alikuwa na sababu ya kung'oa mche kabla haujamletea matata na askari wa misitu. Msitu wa Sawadogo mwenyewe ulimegwa viwanja mji wa Ouahigouya ulipopanuka.

Na samadi yenyewe ina mwenyewe. Kwa vizazi, wafugaji wa Kifulani walilaza ng'ombe katika mashamba yaliyovunwa: mifugo ikala mabua, mkulima akabaki na mbolea. Vita vya makundi yenye silaha kaskazini mwa Burkina Faso vimevuruga mapatano hayo. Kufikia 2023 zaidi ya watu milioni 2 wa Burkina Faso walikuwa wamehama makwao, na katika vijiji vingi Mfulani hutazamwa kwa shaka kabla hajasalimia. Mradi unaoleta majembe na mafunzo ya zai bila kuwakutanisha tena mkulima na mfugaji unachimba vishimo ambavyo msimu ujao havitakuwa na cha kutiwa ndani.