Upasuaji wa uvimbe wa ubongo: kuona uvimbe na kumlinda mgonjwa

Glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, haina ukingo. Imejipenyeza ndani ya ubongo kama mizizi, na kwa mwanga wa kawaida hata daktari bingwa hawezi kuona inapoishia. Ndiyo maana mgonjwa hunyweshwa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya upasuaji. Hadubini ikiwashwa mwanga wa buluu, uvimbe unang'aa kwa rangi ya waridi iliyokolea.

Faida yake imepimwa. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, uvimbe ulioonekana kwenye picha za MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hiyo. Kwa wasiopewa, asilimia 36. Ugonjwa nao ulichelewa kurudi. Lakini kwa swali ambalo ndugu huuliza kwanza, ataishi muda gani, tofauti ya uhakika haikuonekana.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni kingine. Mwanga unaonyesha uvimbe ulipo, hauonyeshi kama mahali hapo ndipo usemi wa mgonjwa ulipo. Ramani ya kompyuta inayomwongoza daktari nayo hutokana na picha za kabla ya upasuaji: fuvu likifunguliwa na maji yanayouzunguka ubongo yakatoka, ubongo hudidimia na ramani ikapotoka. MRI ya ndani ya chumba cha upasuaji hurekebisha hilo, kwa gharama kubwa mno.

Kuna njia ya zamani zaidi: mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji. Ngozi ya kichwa imetiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Anaonyeshwa picha, anataja: kikombe, ufunguo, mbuzi. Daktari anagusa kwa ncha yenye umeme mdogo. Neno likikwama, pale hapakatwi. Mguso huo ukizusha degedege, ubongo humwagiwa maji ya chumvi yenye ubaridi wa barafu. Si kila mtu anaiweza. Mtoto mdogo hapana. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2012 wa wagonjwa zaidi ya 8,000 ulikuta ulemavu mkubwa wa kudumu kwa asilimia 3.4 palipotumika umeme, na 8.2 pasipotumika. Tafiti zake hazikuwapanga wagonjwa kwa kura, kwa hiyo nazisoma kwa tahadhari.

Hospitali yenye fedha za kuanzia na kifaa kimoja tu kati ya hivi, ningeishauri ianze na ncha hiyo ya umeme na watu wa kuitumia. Na mgonjwa apimwe kwa lugha ya nyumbani kwake, maana umeme unaweza kuikwamisha lugha moja huku nyingine ikiendelea kutoka vizuri.